Hirizi Chini ya Tandiko

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijapata kuzificha. Walionijua tangu utotoni wanasema nimezaliwa nazo. Nami huwaambia kuwa nyingine nilizaliwa nazo kweli, lakini nyingi nilizipata uani kwetu, kwa farasi wa baba yangu, nikiwa kijana ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Nyumba yetu ilikuwa mjini, ya mawe, ghorofa mbili, na farasi alikaa chini kwenye chumba kilichokuwa zamani ghala la karafuu. Miaka ile baba alikuwa akiuza kitu baada ya kitu: shamba la kwanza, kipande cha shamba la pili, makasha, mpaka milango miwili ya ndani. Farasi hakumgusa. Kila Alkhamisi alimpanda kwenda kwenye kishamba kilichobaki, na kila sikukuu alimpanda kwenda msikitini, kisha kuwazungukia jamaa. Mtu wa ukoo wake akionekana anakwenda kwa miguu, watu wa mjini walikuwa hawaulizi, wanaelewa moja kwa moja kwamba kaishiwa.

Aliyekuwa akimtandika farasi ni saisi wetu, mtu mzima, mtumwa wa nyumba tangu uhai wa babu. Amri ya kuwaacha watumwa huru ilipotoka alikaa kwetu muda, kisha asubuhi moja akamlisha farasi, akamnywesha, akamsugua mgongo, akaenda zake kwao Bwejuu. Hakuaga. Nyumba nzima ilinuna kana kwamba imeibiwa. Leo nikikumbuka naona hakuwa na haja yoyote ya kutuaga, lakini siku ile sikuwaza hayo. Niliwaza nani atamtandika farasi, na kabla sijamaliza kuwaza baba akaniita.

"Naam, baba."

"Alkhamisi utamtandika wewe."

"Mimi sijui kutandika."

"Umemwona akitandikwa tangu umezaliwa."

Nimemwona, ndiyo. Hata wapishi niliwaona kila siku, na sikujua kupika uji. Hivyo ndivyo tulivyolelewa katika nyumba zile: kila kazi tumeiona na hakuna tuliyoishika. Baba mwenyewe alikuwa kapanda farasi maisha yake yote bila kufunga hata kamba moja ya farasi.

Nilianza na lijamu. Kwa asiyelijua, ni kanda za ngozi zinazozunguka kichwa cha farasi, na kipande cha chuma kinachoingia kinywani, na kwenye chuma hicho ndipo zinapofungwa hatamu anazoshika mpandaji. Likiwa kichwani kwa farasi unaliona na mpango wake wote. Likiwa mkononi mwako ni fundo la mikanda isiyo na kichwa wala miguu. Nililivisha juu chini. Nikalivua, nikalivisha, sikio moja likabaki ndani na jingine nje. Na chuma nacho farasi hakukitaka. Aliuma meno, akainua kichwa juu kabisa, nami nikabaki nimening'inia chini ya kidevu chake, jasho linanitoka, nikimwita majina ambayo bibi yangu angeyasikia angenisugua ulimi kwa pilipili.

Nikaja kwenye tandiko. Kwanza unaweka kigodoro mgongoni, kisha tandiko lenyewe, kisha unapitisha mkanda chini ya tumbo na kukaza. Rahisi. Nikakaza mpaka mikono ikaniuma. Nisilolijua ni kwamba farasi yule, nilipokuwa nakaza, alijaza pumzi tumbo likafura, na nilipogeuka tu akaitoa yote. Baba akashuka, amevaa joho lake na jambia kiunoni, akatia mguu kwenye kikuku cha kukanyagia, akajinyanyua. Tandiko likamfuata yeye badala ya kubaki juu. Likateleza ubavuni lote, na baba naye, mguu mmoja hewani, na mimi nikamdaka kiunoni tukapiga ukuta pamoja.

Nilingojea matusi. Hayakuja. Uso wake ulikuwa umekwisha damu, midomo imekauka, akanitazama kama mtu asiyenijua, akapanda ngazi. Siku ile hakwenda shamba. Nilidhani kakasirika hasira isiyo na maneno, na hilo lilinikera kuliko kama angenipiga kofi.

Siku ya pili bibi, mama yake baba, akaniita. Alikaa ghorofa ya juu na alikuwa hashuki ila sikukuu, maana magoti yalimsumbua.

"Niletee kigodoro cha farasi," akasema. "Nikifukize ubani. Kina harufu ya mtu aliyeondoka na kinyongo."

Nikampelekea. Alikaa nacho siku kadhaa, akakirudisha kinanukia nyumba nzima. Mimi sikukitazama mara mbili. Nilikuwa na kazi yangu.

Maana nilikuwa nimetia nia. Nilishuka kila siku baada ya swala ya alfajiri, nikamfunga na kumfungua, kumfunga na kumfungua. Nikajua kwamba farasi ana pengo la meno kando ya kinywa, ukitia dole gumba pale anafungua mwenyewe bila ugomvi. Nikajua kumtembeza kidogo uani baada ya kufunga mkanda, pumzi zimtoke, kisha kukaza tena. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu. Na baba, akiona naendelea, akaanza kushuka asubuhi na kikombe chake cha kahawa na kusimama mlangoni.

Niliseme hili waziwazi, maana ndilo lililonitesa. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno. Kwenye chakula aliniuliza kuhusu swala, barazani aliniuliza kuhusu shamba, na zaidi ya hapo hakuna. Lakini pale uani, na kahawa yake, alizungumza. Aliniambia farasi wa babu alikuwa na doa jeupe pajani. Aliniambia namna watu walivyokuwa wakishindana mbio zamani. Aliniita "babu", kama wazee wanavyowaita vijana wanaowapenda, na sikumbuki akiniita hivyo mahali pengine popote. Nilimtaka farasi yule kwa ajili ya asubuhi zile, si kwa ajili ya ufahari wa mtu.

Basi ndipo farasi akabadilika. Alikuwa mkaidi, lakini sasa akawa mbaya. Akiniona nakuja na tandiko tu, masikio nyuma, meno nje. Aliniuma bega. Alinibana ukutani. Nikimaliza kumfunga, kwa shida, anasimama mgongo umepinda, na baba akikaa tu anaruka mbele na nyuma mpaka baba ashuke. Baba alishuka haraka kila mara, tena bila kujaribu mara ya pili.

"Mrudishe," alikuwa akisema, kisha anapanda ngazi na kahawa yake haijakwisha.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Mwenye hasira kama zangu, tumbo tupu, koo kavu, anapigana na farasi tangu asubuhi: sitaki kusema nilipata thawabu gani. Na watu wa barazani kwa jirani walikuwa wanasikia vishindo vyote.

"Leo nani kamtandika mwenziwe?" mmoja wao alikuwa akiniuliza nikitoka nje na kanzu imejaa mavumbi.

Mwingine alinipa dawa: mnyama kaonewa kijicho, mzungushie chumvi. Mwingine akasema tende zimemzidi. Wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na farasi.

Katikati ya mwezi baba akanimalizia maneno yote. "Yule Mhindi wa Mlandege, mwenye duka la nguo, ananiomba farasi kila nikipita. Anamtaka kwa gari lake. Nami sitakaa na mnyama asiyepandika. Sikukuu ikifika nikimpanda, amekaa. Nisipompanda, anakwenda."

"Nitamweka sawa, baba."

"Nshasikia hayo."

Kwa hiyo nilikuwa na siku zilizobaki za mfungo tu. Nilikuwa nampenda farasi yule na nilikuwa namchukia, na usiniulize vipi.

Asubuhi moja, baada ya baba kushuka tena kwa haraka, nilivua tandiko kwa ghadhabu nikalitupa. Nilipomfuta farasi mgongo akatetemeka mwili mzima. Nikafunua manyoya kwa kidole. Pale shingo inapokwisha na mgongo unapoanza palikuwa pamechubuka, padogo kama kokwa ya tende, pabichi, pana majimaji. Nikakigeuza kigodoro. Nikakipapasa. Ndani, mahali palepale, palikuwa na kitu kigumu kama jino. Nilifumua uzi kidogo nikaona kitambaa chekundu, na ndani yake kijisanduku cha bati chenye ncha nne.

Hirizi. Na ule ushono mdogo mdogo, uliobanana, niliujua. Kanzu zangu zote za utotoni zilishonwa hivyo.

Nikapanda ghorofani na kigodoro mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, babu. Mbona umekunja uso?"

"Nimekuta hirizi humu."

"Umeikuta, au umechokora?"

"Farasi kachubuka, bibi. Inamchoma kila baba akikaa. Ndiyo inayomrusha."

"Kuchubuka kutapona," akasema. Hakuacha kuvuta tasbihi yake. "Babu yako hakupona. Kaanguka kutoka juu ya farasi njia ya Uroa, kaletwa hapa juu ya kitanda cha kamba. Nami siku ile tandiko lilipogeuka na mwanangu, nilikuwa dirishani hapa nnaona."

"Basi tumvalishe farasi shingoni. Itakuwepo vilevile."

"Mwalimu aliyeiandika kasema ikae baina ya mpandaji na mnyama. Shingoni inamlinda farasi. Mimi simlindi farasi."

Nikashuka na kigodoro changu. Nikamngoja baba arudi kutoka msikitini, nikamweleza habari yote. Hakushangaa hata kidogo.

"Nnajua," akasema.

"Unajua? Basi unajua kwa nini farasi anaruka."

"Tia kigodoro cha pili chini."

"Vikiwa viwili tandiko halitulii, linacheza."

"Basi kaza mkanda."

"Nikikaza ndiyo hirizi inazidi kumchoma, baba."

"Usiiguse," akasema, akaingia chumbani kwake.

Nilitoka nje nikazunguka mjini mpaka magharibi, nimepandwa na mori kichwani. Mtu anataka apande farasi. Anataka farasi asiruke. Na anataka kile kinachomrusha farasi kibaki palepale. Na likishindikana mwenye lawama ni mimi. Nilijisemea kwa sauti njiani, mpaka mwuza urojo akaniuliza kama nimemwita.

Nilijaribu kutii. Nilitia kigodoro cha pili, tandiko likacheza. Nilikata kipande cha kigodoro cha zamani nikakitoboa katikati ili ncha za bati zisimguse, kikajikunja. Kila siku kidonda nilikipaka samli na manjano, na kila siku nikimfunga kinafunguka upya. Farasi alianza kunikwepa hata nikileta majani.

Jioni ya mwezi kuandama, mizinga ilipolia kutangaza kwamba kesho ni Idi, nilishuka uani na wembe. Nilikata nyuzi za bibi moja moja. Hirizi sikuthubutu kuitupa, wala kuiweka chini. Niliitia mfukoni mwa kanzu mpya. Nilijiambia nitakwenda ubavuni mwa farasi, nimeshika lijamu, mpaka mlango wa msikiti, na hirizi itakuwa pamoja nasi njia nzima. Mwalimu angetaka nini zaidi?

Asubuhi farasi alikuwa amependeza. Shangazi zangu waliokuja kwa sikukuu walikuwa wamemtia hina mkiani, na kwato nilizipaka mafuta. Nilimwendea na lijamu, dole gumba likaingia pengoni, akafungua kinywa. Masikio yote mawili yakapita sawa. Niliweka kigodoro, nikakisogeza mbele kisha nikakirudisha nyuma ili manyoya yalale. Nikaweka tandiko taratibu. Farasi aligeuza kichwa kunitazama, ameshajiandaa kuumia, akangoja. Hakuumia. Akashusha pumzi ndefu, na nami nikashusha. Nikafunga mkanda, nikamtembeza, nikakaza tena. Vidole viwili vilipita chini ya mkanda, cha tatu kilikataa. Vikuku vilikuwa sawasawa kulia na kushoto. Hakuna siku niliyofunga farasi vizuri kama ile, na nilijua.

Baba akashuka amenukia udi, kilemba kipya. Akatia mguu kwenye kikuku. Akakaa.

Farasi alisimama tuli. Alitikisa sikio moja kumfukuza inzi, basi. Baba alikaa kidogo mgongo umekakamaa, akingoja, kisha mabega yakamlegea, akashika hatamu, akanitazama kutoka juu.

"Umejua sasa, babu," akasema.

Ningefia pale nisingedai kitu.

Bibi alikuwa ameteremka ngazi pole pole, na mkongojo wake, kwa ajili ya sikukuu. Akatubariki. Akamsogelea farasi bila woga, akapitisha mkono wake chini ya tandiko, kule mbele, akapapasa. Akapapasa tena.

"Haipo," akasema.

Baba akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umeitoa?"

"Naam, baba. Nnayo mfukoni. Lakini mwangalie mwenyewe alivyotulia."

Nilidhani atakemea. Nilikuwa tayari kwa hilo, na maneno yangu nilikuwa nimeyapanga yote tangu usiku. Lakini alikuwa hanitazami mimi wala bibi. Alitazama chini, kwenye mawe ya ua. Mkono mmoja ulikuwa umeshika manyoya ya shingo ya farasi, umeyakamata kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake sokoni.

"Niteremshe," akasema.

Hakusema anateremka. Nilimpa bega, akaja juu yangu na uzito wake wote, na moyo wake niliusikia ukipiga kifuani kwangu. Alipofika chini hakuniachia mara moja.

"Baba, katulia," nikasema. Sauti ilikuwa inanipanda na sikuweza kuizuia. "Mfungo mzima nimepigana naye. Leo katulia, umemwona katulia, na unamwuza kwa sababu ya kipande cha bati?"

"Nimemwona," akasema. "Na wa babu yako alikuwa katulia vilevile. Nilikuwa nyuma yake juu ya punda, mdogo kuliko wewe. Kichwa chake nilikipakata mimi, njiani pale, mpaka watu walipotoka Uroa kuja kutusaidia." Akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa hirizi. Akaifumba kiganjani. Nikakumbuka uso wake siku tandiko lilipogeuka, na jinsi alivyokuwa akishuka haraka kila farasi akiruka, na ile kahawa aliyokuwa akiiacha haijakwisha. Kumbe miaka yote ile, kila Alkhamisi, kila sikukuu, alikuwa akipanda na woga wake, watu wasiseme. Na hirizi ndiyo kitu cha kwanza alichopewa cha kumsaidia, na mimi ndiye niliyekwenda kuikata kwa wembe.

Hasira zangu zikakosa pa kwenda. Nilizitafutia mtu, sikumpata. Si bibi, aliyesimama na mkongojo akilia kimya. Si yeye. Hata farasi simlaumu.

Baba alijitengeneza kilemba, akatoka kwa miguu. Nilisikia watu wa barazani wakimpa mkono wa Idi, na hakuna aliyemwuliza farasi yuko wapi. Baada ya sikukuu Mhindi alikuja kumchukua, na nilisikia kwamba kwenye gari alikwenda vizuri sana, maana huko hakuna anayekaa mgongoni.

Lakini asubuhi ile nilibaki naye uani, amepambwa, lijamu limemkaa sawa, anangoja kutoka. Nilianza kumfungua. Ule mkanda niliukaza vizuri mno, nikahangaika nao mpaka kucha zikaniuma, na msikitini takbiri zilikuwa zimeshaanza.